Kilichomshika Mwinshehe

Mume wangu Mwinshehe alikuwa akishikwa, na Kinondoni nzima ilijua kabla yangu mie mkewe. Nafika kisimani naambiwa, "Hongera, Mwanakombo, mzee jana kashikwa tena." Hongera! Mtu kaanguka chini, mkono kifuani, jasho linamchuruzika, midomo imempauka, halafu mie napewa hongera. Narudi nyumbani na ndoo kichwani sijui nicheke au nilie.

Niwaeleze nyie msiojua. Kila Ijumaa baada ya alasiri wanaume wa kwetu walikusanyika uani kwa Khalifa Marijani, kiongozi wa tarika yetu, kufanya zikri. Siku nyingine zote Khalifa alikuwa fundi cherehani, mpole, sindano na uzi haviishi kifuani mwake, lakini Ijumaa ndiye aliyesimama katikati. Wengine wanamzunguka duara, bega kwa bega, wanainama na kuinuka, wanalitaja jina la Mola kwa pumzi inayotoka chini kabisa. Wanaanza taratibu, kisha mbio, kisha mbio zaidi, mpaka vumbi linapanda. Sie wanawake tunakaa nyuma ya ua wa makuti, tunaitikia na kuchungulia. Katika duara lile hutokea mtu akapandwa na hali. Analia, au anaduwaa, au anaanguka, na wenzake wanamtandikia shuka kwa heshima, maana kapata kitu ambacho wao wanakiomba miaka nenda miaka rudi na hawakipati. Huko ndiko kushikwa.

Mwinshehe alianza kushikwa mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza, watoto wa skuli wakagawiwa vibendera. Mwanzo alisita tu, akapoteza mapigo ya wenzake, akaendelea. Baadaye ikawa karibu kila Ijumaa. Zikri ikishakolea, mkono wake wa kulia unakwenda kifuani, unakunja ngumi juu ya moyo, uso unageuka, huyo anakwenda chini. Mwenyewe alisema ni kama jiwe la kusagia limekaa juu ya kifua chake, na mkono wa kushoto unakuwa mzito mpaka vidoleni. Wakimlaza kidogo, kinaondoka. Anainuka mwepesi, anang'aa uso.

Na mie niliamini, msinione mjuaji. Mwinshehe alikuwa muuza nazi, mtu ambaye akiongea barazani wenzake wanaendelea na mazungumzo yao. Kaka yake, Mwinjuma, alikuwa karani bandarini, ana saa, ana viatu vya kamba, na kila neno la ukoo lilipita kwake. Sasa kutwa moja tu watu wakaanza kumwamkia mume wangu kwa mikono miwili. Vijana wakampisha njia. Khalifa mwenyewe alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema Maulidi yakifika atampa Mwinshehe ijaza, idhini ya kusimama katikati na kuongoza zikri mwanzo mpaka mwisho. Mume wangu hakulala usiku ule kwa furaha. Nani asingependa kumwona mumewe hivyo?

Kilichoniharibia mie ni kilima.

Siku hiyo nilifuatana naye kwenda Kariakoo, yeye anasukuma baiskeli yenye magunia ya nazi, mie nyuma na kapu langu. Tulishuka Jangwani vizuri, tunapiga soga. Tulipoanza kupanda kutoka bondeni, nikaona baiskeli imesimama. Mkono wa kulia kifuani. Ngumi ile ile. Uso ule ule niliouchungulia kwenye makuti.

"Baba Tabu! Una nini?"

Akanyoosha kidole nisubiri. Baada ya kitambo akashusha pumzi, akatabasamu. "Hali," akasema.

"Hali gani?"

"Hali, Mwanakombo. Ile ile."

"Hapa? Na nazi?"

"Mola hachagui mahali."

Kichwa kilianza kuniwanga. Nikasema, sawa, pengine moyoni alikuwa akitaja jina. Basi nikaanza kumtazama. Siku moja akamkimbiza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye muhogo wetu: mkono kifuani, hali. Siku nyingine mvua ilimkuta njiani akatoka mbio: hali. Tukagombana kwa ajili ya shemeji yangu, mie nikapandisha sauti, naye akapandisha ya kwake: hali. Astaghfirullah, nikajiuliza, hali hii mbona haimjii akiwa kwenye msala, akiwa ametulia, anasoma Kurani yake? Mbona inamjia na mbuzi?

Nikamwambia twende hospitali. Ebo! Ungedhani nimesema twende tukaibe. Mwinjuma alikuja jioni ile ile na viatu vyake vya kamba.

"Shikamoo shemeji," nikasema, na shikamoo yenyewe niliitoa kwa meno.

"Marahaba. Nasikia unataka kumpeleka mtu wa Mungu akapimwe na Mzungu."

"Nataka kumpeleka mume wangu akapimwe kifua."

"Kifua chake kina nini? Mtu amepewa heshima na wewe unatafuta dawa ya kuitoa?"

"Shemeji, heshima haimshiki mtu akifukuza mbuzi."

Akakasirika. Lakini Mwinjuma ni mtu wa kutaka kushinda. Akasema sawa, twendeni, na yeye atakuwepo, mashine ya Mzungu iseme mbele ya watu wote hana ugonjwa, ili mwanamke huyu anyamaze.

Hospitali ya mjini tulifika asubuhi na mapema, tukakalishwa benchi. Tukakaa. Jua likapanda, tumekaa. Mwinshehe alikuwa ametulia tuli, anasinzia, mgongo ukutani. Alipoitwa kulikuwa karibu na adhuhuri, na sijapata kumwona mzima kama siku ile. Ndani kulikuwa na daktari wa Kizungu, mrefu, masikio yamemwiva kwa jua, na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana wa Masasi anaitwa Gregori. Gregori ndiye aliyekuwa mdomo wa daktari na sikio letu.

"Shikamoo mama. Shikamooni wazee. Hii mashine haiumizi," akasema. "Inasikiliza umeme wa moyo, basi."

"Umeme?" Mwinjuma akacheka. "Kinondoni hatuna hata taa moja ya umeme, huyu kaupata wapi?"

Gregori naye akacheka, lakini hakueleza. Mwinshehe akalazwa kitandani, akafungwa mikanda mikononi na miguuni, akapakwa kitu cha baridi kama uji, kikombe cha mpira kikabandikwa kifuani. Nyaya zikaenda kwenye sanduku. Sandukuni kulikuwa na sindano inayochora kwenye karatasi inayojitembeza yenyewe. Ilichora kifundo, kilima kirefu chembamba, kifundo, kisha mstari ukatulia kwenye usawa wake, halafu tena vile vile. Daktari akavuta karatasi, akaitazama yote, akasema maneno.

"Anasema haoni kitu kibaya," akasema Gregori.

Mwinjuma akapiga kofi pajani. "Umesikia, shemeji?"

"Lakini," Gregori akaendelea, "anasema hii ni picha ya moyo ulivyo sasa hivi. Kikimshika tena, mje wakati kimemshika."

"Mwanangu," nikamwambia, "kikimshika yuko Kinondoni, na mashine yenu iko huku. Mpaka tufike si kimekwisha?"

Akamuuliza daktari. Daktari akainua mabega. Ndiyo jibu nililorudi nalo nyumbani, mabega ya Mzungu.

Sasa balaa ndipo ilipozidi. Kabla jua halijazama habari zilienea Kinondoni zikapita mpaka mashambani: mashine imekiri. Mwinshehe hana ugonjwa hata chembe, kwa hiyo kinachomshika kinatoka mbinguni. Hata wale waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Kisimani sikupewa hongera tena, nilitazamwa kwa huruma, mwanamke aliyemshuku mumewe. Na mie nikajiona mjinga kweli. Maana nilikiona kile cha kilimani Jangwani kwa macho yangu, na mstari ule safi pia niliuona kwa macho yangu, na vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Nikipika nawaza, nikifua nawaza. Nikisema ni ugonjwa, karatasi inanikatalia. Nikisema ni hali, mbuzi ananikatalia.

Na Maulidi yanakuja. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Siku ya Maulidi Mwinshehe hatasimama katika duara, atasimama katikati, na aliye katikati hakai, hapumziki, hashiki mtu bega. Duara linakwenda kwa pumzi yake. Ikiwa akifukuza mbuzi tu anageuka rangi, pale katikati itakuwaje? Nilimwona mume wangu amekufa mbele ya watu wanaomshangilia. Halafu nikawaza, je, kama mie ndiye shetani wa kumzuilia? Yarabi, nilikuwa sina mbele sina nyuma.

Aliyeamua ni Mwinshehe mwenyewe. Tulikuwa uani tunakuna nazi, Tabu binti yetu amekwenda dukani. Akaweka kifuu chini.

"Mwanakombo, nikwambie kitu, usinicheke."

"Sikucheki."

"Nikiwa pale chini, wananitandikia shuka, wanasema mashallah, mie nasikia nakufa. Naogopa. Wenzangu walioshikwa kweli wanasema waliona nuru. Mie sioni nuru. Naona nakufa." Akanitazama. "Nataka nijue nani anayekuja."

Miaka yote ya ndoa yetu hakupata kuniambia anaogopa kitu. Nilimshika mkono, uliojaa machicha ya nazi.

Basi tukarudi hospitali, na Mwinjuma akafuata, safari hii bila kucheka sana. Nilimweleza Gregori kila kitu: kilima, mbuzi, mvua, ugomvi, zikri. Aliandamana na mie neno kwa neno akimgeuzia daktari kwa Kizungu. Daktari akakuna sikio lake jekundu, akasema Mwinshehe apandishwe na ateremshwe kwenye vidaraja vya mbao, ngazi fupi, vilivyokuwa pembeni, mara nyingi, kwa haraka, halafu alazwe upesi.

Mwinshehe akavua viatu. Akapanda kidaraja taratibu, akasimama, akanyoosha kanzu, akashuka taratibu.

"Haraka kidogo, mzee," Gregori akasema.

"Nimeharakisha."

"Zaidi. Kama unakimbia."

"Mwanangu," mume wangu akasema, "mtu mzima hakimbii ndani ya nyumba ya watu."

Akapanda na kushuka kwa adabu zake mpaka daktari akachoka kungoja. Wakamlaza, sindano ikachora, mstari safi. Mwinjuma akanitazama. Hapo hasira zikanipanda, nikasema kwa sauti, "Basi afanye zikri! Hapa hapa! Mnataka kimshike, mwacheni ashikwe!"

Gregori akawa hajui aligeuze vipi neno lile, maana yeye ni mtu wa misheni. Akaligeuza hivyo hivyo. Nilidhani daktari atatufukuza. Kumbe akasogeza kiti pembeni kupata nafasi.

"Peke yangu haikolei," Mwinshehe akasema, na nilimwona anaona haya.

Mwinjuma akavua saa yake. Sikutegemea. Akaiweka juu ya meza ya daktari, akasimama mkabala na mdogo wake, bega tayari, akaanza kulitaja jina. Mwinshehe akaitikia. Sauti zao mbili zilikuwa nyembamba mle ndani, na nilitaka ardhi inimeze. Lakini mlango ulikuwa wazi, na nje kwenye ukumbi kulikuwa na benchi zimejaa watu waliotoka kila pembe, na nusu yao ni watu wa kwetu. Mzee mmoja wa Mbweni, mguu mzima umefungwa bendeji, akaitikia kutoka pale pale alipokaa. Jirani yake akaitikia. Mara benchi lote linaitikia, waliokuwa wakiguna kwa maumivu wanaguna kwa mapigo. Mpishi akaja na mwiko wake. Sista wa Kizungu akaja mbio, mikono juu, na daktari akamzuia kwa kiganja. Gregori alisimama na mikanda yake mkononi, kijana wa misheni, kichwa kinakwenda mbele na nyuma na mwenyewe hajijui.

Ikakolea. Mume wangu akafumba macho, pumzi ikashuka chini, akawa yule wa Ijumaa. Na mie, mkewe, niliyekuja pale kwa kuogopa asife, nikajikuta namwomba Mungu amshike. Mshike, ya Rabi, mshike sasa hivi waone! Nilisikia ninachokiomba, lakini sikuacha.

Mkono wa kulia ukaenda kifuani.

"Sasa!" nikapiga kelele. Mwinjuma akamdaka, wakamlaza, Gregori akafunga mikanda, kikombe kifuani, sindano ikaanza. Nikasogea mpaka nikamgusa daktari bega, sikujali. Kifundo, kilima chembamba, halafu pale mstari ulipotakiwa kurudi kwenye usawa wake, haukurudi. Ulizama chini ya usawa, ukatambaa huko chini, ukaja ukapanda kwa shida. Pigo lililofuata vile vile. Lililofuata vile vile. Daktari akaifungua droo ya meza. Akachukua kidonge kidogo, akakiweka chini ya ulimi wa Mwinshehe.

Nje watu walikuwa bado wanaitikia. Gregori akaenda akawanyamazisha, wakaanza kuulizana mgonjwa gani amekufa.

Karatasi iliendelea kutembea, na baada ya kitambo mstari ukaanza kuinuka, kidogo kidogo, mpaka ukarudi mahali pake. Rangi ikamrudia mume wangu. Ile ngumi ikafunguka.

Daktari akaeleza kwa kirefu, na Gregori akatugeuzia. Moyo ni nyama, akasema, nao unakula kama nyama nyingine. Chakula chake ni damu, inayopita kwenye vijishipa vilivyouzunguka, na vijishipa vya mzee vimekuwa vyembamba. Akikaa kitako, damu kidogo inatosha. Akiusukuma, kwa kilima au kwa zikri, moyo unadai zaidi na njia ya kupita haipo, upande mmoja unabaki na njaa.

"Njaa inahusiana vipi na ule mstari?" nikauliza.

"Moyo unapiga kwa umeme wake, mdogo sana, mama. Nyama iliyoshiba na nyama yenye njaa haziwi na umeme sawa. Basi umeme unavuja baina yao, ndiyo sindano ikashuka vile. Akipumzika damu inatosha tena, zinapatana, mstari unarudi. Ndiyo maana mara ya kwanza hatukuona kitu. Alikuwa ameshakaa benchi nusu siku."

Mwinjuma hakuuliza habari za taa. Alikuwa anahangaika kuivaa saa yake, kishikizo hakiingii.

Ungedhani hapo nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Lakini nilimtazama Mwinshehe kitandani, naye alikuwa anakitazama kile kipande cha karatasi alichoonyeshwa, pale mstari ulipozama. Akamwambia Gregori, polepole, "Muulize. Hiyo ni njaa tu? Au ni yeye anapita, na mwili wangu unashindwa, ndiyo damu ikakosa njia?"

Gregori aliinama akaitazama karatasi. Kisha akauliza. Daktari akasema maneno machache.

"Anasema mashine haipimi hilo, mzee. Anasema ukisimama mbele ya watu na kuusukuma namna ile, siku moja hakitaondoka. Utakufa."

"Kwa hiyo miaka hii yote," Mwinshehe akasema, "hakuna aliyekuja."

Hakumuuliza mtu. Gregori hakugeuza.

Tulirudi na vidonge kwenye kichupa kidogo, na masharti: apumzike, nazi abebe kijana mwingine, na kama lazima apande mahali, aweke kidonge chini ya ulimi kwanza. Kinondoni wakagawanyika. Wengine walisema mwanamke yule kamvua mumewe heshima yake kwa ubishi. Wengine, na Mwinjuma ndiye mkubwa wao, walisema tofauti kabisa: mashine ilimtazama akiwa kimya haikuona kitu, alipolitaja jina tu sindano ikainama. Sindano imesujudu, wakasema, mnataka ushahidi gani tena? Nilipoeleza habari za vijishipa walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia ndiyo, ndiyo, ndivyo sindano ilivyoinama. Mie mwenyewe nikiwasikiliza sana nilikuwa naanza kuyumba. Maana ni kweli iliinama. Niliiona.

Khalifa Marijani alitukaribisha kwake, akatusikiliza huku cherehani imesimama. Nilimwona anaogopa. "Mie najua nguo," akasema. "Ya ndani ya kifua siyajui. Mwinshehe, ndugu yangu, nisingeweza kukusimamisha katikati halafu nikakuzika. Njoo Maulidi, ukae chini, ulitaje kwa moyo, bila kuinuka. Ijaza tuiache."

"Nimekubali," mume wangu akasema. Akatoka nje upesi, kwenda kuvaa viatu.

Siku ya Maulidi nilimnyooshea kanzu mwenyewe. Nilimwona anaweka kidonge chini ya ulimi mlangoni, akanionyesha kinywa wazi kama mtoto ili nisimsumbue. Sikwenda nyuma ya makuti. Nilibaki nyumbani, nikawaambia wenzangu kichwa kinauma. Sauti zilinifikia zikikolea, nikawa nangoja ile kelele ya watu mtu anapoanguka. Haikuja. Zikri ikapanda, ikashuka, ikaisha, watu wakaanza kucheka na kugawana biriani. Nikakaa chini, nikamshukuru Mungu.

Kabla ya magharibi akarudi. Alitembea vizuri, rangi yake nzuri, jasho hana. Akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake mikononi.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Salama."

"Kifua?"

"Kimya." Akaigeuza kofia. "Nilikaa pale chini, wenzangu wananizunguka, magoti yao yananigonga masikio. Nikalitaja, Mwanakombo, nikalitaja kwa moyo wote nilionao. Nikangoja. Kimya. Siyo nuru, siyo lile jiwe, siyo chochote. Kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa."

Akaanza kulia. Kimya kile ndicho nilichokipigania, nikagombana na ukoo mzima, nikafanyisha zikri hospitalini mbele ya Wazungu. Nilitaka kumwambia mshukuru Mungu u hai, mjinga we. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikakaa kando yake kitandani.

"Itakuja," nikamwambia. "Usilie, mume wangu. Siku moja itakuja."

Akainua uso, na ulikuwa umejaa matumaini. Hapo ndipo nilipokisikia nilichomwahidi, labda ni lile jiwe lenyewe, nikapeleka mkono kwenye mfuko wa kanzu yake kutafuta kichupa cha vidonge.